Kuhesabu Watu si Kuhesabu Nazi

Siku moja aweza kufika mlangoni pako mgeni mwenye daftari. Baada ya kupiga hodi na kuketi atakuuliza: Nyumba hii ina watu wangapi? Wamezaliwa watoto wangapi, na wamekufa wangapi? Shamba ni la nani? Chakula kikipungua, nani hukosa? Huenda utajiuliza moyoni: Huyu ataka nini? Ni mtu wa kodi? Mbona auliza mambo ya ndani?

Swali lako ni la haki, na leo nataka tulitazame pamoja. Maana wako watu waliosomea kazi hiyo vyuoni wakaifanya maisha yao yote: kuchunguza watu ni wangapi, jamaa zaishi namna gani, na kwa nini mmoja ana kingi na jirani yake hana kitu. Kazi hiyo imefanyika katika pwani yetu ya Kilwa na Lindi, na katika visiwa vya jirani. Mara nyingine imefanywa vizuri, mara nyingine vibaya. Nitakusimulia yote mawili, nawe utapima mwenyewe.

WALIOANDIKWA FORODHANI

Wazee wetu walipoogopa kuhesabiwa hawakuwa wajinga. Katika hesabu za zamani za watu wa pwani hii, moja iliyo kubwa ilifanywa forodhani Kilwa. Tokea mwaka 1862 hata 1867, katika misimu mitano ya biashara, forodha iliandika watumwa 97,203 waliopita pale. Kwa wastani ni watu zaidi ya 19,000 kwa mwaka. Walitoka bara, wengi wao karibu na Ziwa Nyasa, wakateremshwa pwani, wakapakiwa majahazini kwenda Unguja na kwingineko. Profesa Abdul Sheriff, mtaalamu wa historia wa Zanzibar, ameieleza biashara hiyo ya pembe na watu katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1987.

Fikiri, ndugu msomaji. Hesabu hiyo haisemi 97,000 na kitu tu, bali yataja na wale 203. Lakini jina la hata mmoja halikutufikia kwa njia hiyo. Haisemi ni mama yupi aliyeachwa bara, wala ni watoto wangapi waliokufa njiani kabla ya kuiona bahari. Wenye forodha walitaka ushuru, na kwa ushuru idadi yatosha.

Kisha wakaja Wadachi. Mwaka 1898 waliweka kodi ya nyumba, na mwaka 1905 wakaigeuza kuwa kodi ya kichwa, rupia 3 kwa kila mwanamume mtu mzima. Nyumba zikahesabiwa, kisha vichwa vikahesabiwa. Basi watu wakajifunza kwamba akija mtu mwenye daftari, nyuma yake yuko askari. Woga huo baba alimwachia mwanawe, na hata leo haujatutoka wote.

MMATUMBI ALIYEWAULIZA WAZEE

Mwezi Julai mwaka 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, wilaya ya Kilwa, watu waling'oa pamba ya kulazimishwa. Ndipo vita vya Maji Maji vilipoanza, vikaenea kusini yote. Vita vilipokwisha, Wadachi walisema kwamba waliokufa yapata 75,000. Idadi hiyo ikaandikwa vitabuni, ikasomwa miaka mingi.

Katika miaka ya 1960 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, Gilbert Gwassa, mwenyewe Mmatumbi, alirudi kwao kuwauliza wazee. Wakati huo walikuwa wangali hai watu walioviona vita vile kwa macho yao. Gwassa aliketi nao akaandika maneno yao. Yeye pamoja na mwalimu wake John Iliffe wakatoa kijitabu cha ushuhuda huo, na mwaka 1973 Gwassa akamaliza maandiko yake makubwa ya shahada ya udaktari juu ya vita hivyo. Alipopima yote, alikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, yaani kama theluthi moja ya watu wa nchi zilizopigana.

Tofauti hiyo yatoka wapi? Wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa. Askari walichoma maghala na mashamba, na watu wakala mizizi ya porini. Mwanamke aliyekufa kwa njaa miezi mingi baada ya vita, hana aliyemwandika. Tena athari haikuishia kwa waliokufa. Bwana Culwick, mtawala wa Kiingereza huko Ulanga, pamoja na mkewe, walichunguza habari za uzazi katika miaka ya 1930. Kutokana na kazi yao wataalamu wameona kwamba huenda ile njaa ilipunguza uzazi wa wanawake walionusurika kwa zaidi ya robo. Basi wako watoto ambao hawakuzaliwa kabisa, nao hawamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Waonaje hapo? Vita ni vile vile, nchi ni ile ile, lakini idadi zimeachana mbali sana. Mwenye kushinda alipohesabu alipata jibu moja, na mwana wa nchi alipowauliza wenye msiba alipata jingine. Kwa hiyo, ukiletewa idadi yoyote ya watu, uliza kwanza ni nani aliyehesabu, na alimwuliza nani.

MSICHANA WA LONDON KISIWANI MAFIA

Sasa tupande jahazi. Ukitoka Kilwa kuelekea kaskazini, ukapita Songo Songo na midomo ya mto Rufiji, utafika Mafia. Habari za kale za Kilwa zasimulia kwamba mfalme wa Kilwa alimtuma mwanawe kutawala kisiwa hicho. Ni ndugu zetu hasa: lugha moja, minazi ile ile, na bahari ile ile.

Mwaka 1965 alifika huko msichana Mwingereza, Pat Caplan, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha London. Kiswahili alikwisha kujifunza chuoni kwao. Hakukaa bomani kuwaita watu waje kujibu maswali. Alikwenda kaskazini ya kisiwa, akakaa kijijini na wenyeji mpaka mwaka 1967. Katika vitabu vyake kijiji hicho alikiita Minazini, ambalo si jina lake halisi, ili kuwasitiri waliomwamini wakamwambia mambo yao.

Aliuliza maswali ambayo wewe na mimi twaweza kuyaona madogo. Huyu ni nani kwako? Shamba hili ulilipataje? Ulipoachwa na mume ulikwenda kuishi wapi? Mnazi huu aliupanda nani, na nazi zake huuza nani? Majibu aliyaweka pamoja, nyumba kwa nyumba, akafuata ukoo wa kila mmoja upande wa baba na upande wa mama. Mwaka 1975 kikatoka kitabu chake kikubwa juu ya mali, hadhi na ukoo katika kijiji hicho.

Aliona nini? Jambo la kwanza, mtu wa kaskazini ya Mafia hafungwi na ukoo mmoja. Ana ukoo wa baba na ana ukoo wa mama, na kwa njia zote mbili aweza kudai mahali pa kulima chakula. Anayekosa ardhi huku huenda kwa ndugu zake wa kule. Kwa hiyo maskini hakukosa kabisa mahali pa kutia jembe.

Jambo la pili ni minazi. Mnazi haukuwa mali ya ukoo. Ulikuwa mali ya mtu mwenyewe, na ulirithiwa kwa sheria ya Kiislamu, ambayo humpa binti nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Mwanamke alikuwa na minazi yake, na alipoolewa haikuwa ya mume. Mali ya mke na mali ya mume hazikuchanganywa. Hilo lilikuwa nguvu kubwa kwa mwanamke aliyeachwa, na katika kijiji hicho kuachana hakukuwa jambo la nadra. Alirudi kwa ndugu zake, akaendelea kula jasho la minazi yake. Lakini fungu lake la urithi lilikuwa dogo, na wanaume ndio waliopanda mipya mingi zaidi. Basi kila kizazi, wanawake walikuwa na minazi, ila walikuwa na michache kuliko wanaume.

Jambo la tatu ni hadhi. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Bado katika miaka ya 1960 watu walijua nani ni wa asili gani, na habari hizo zilitajwa hasa penye posa na ndoa. Ziko minyororo ya chuma, na iko minyororo ya maneno. Ile ya maneno hukaa zaidi.

Nakuomba uangalie jambo moja hapa. Kama karani wa hesabu angepita kijijini hapo na kuandika tu: Nyumba ya Bwana fulani, watu 6, minazi 80, asingesema uongo. Lakini asingejua kwamba kati ya minazi hiyo 20 ni ya mke, na kwamba wakiachana kesho, nyumba hiyo itagawanyika mara mbili. Asingejua kwamba mtoto mmoja ni wa dada wa mume, ameletwa kulelewa. Idadi yake ingekuwa sahihi, na maisha ya watu wale yangekuwa bado hayajulikani.

WENYEJI WASHIKA KALAMU

Mtu mwingine, akiisha kupata shahada yake, husahau njia ya kijiji. Caplan alirudi. Alirudi mwaka 1976, akarudi mwaka 1985, na safari hiyo alichunguza habari za chakula, afya na uzazi. Alirudi tena mwaka 1994, na baada ya mwaka 2000 alifika tena. Watoto aliowaona wakinyonya mwaka 1965 aliwakuta ni wazazi, kisha akawakuta ni mababu na mabibi. Kwa miaka mingi alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha London, katika chuo kiitwacho Goldsmiths, akawa profesa.

Faida ya kurudi ni nini? Anayekuja mara moja huona siku moja tu. Akiona mtu ana njaa hajui kama ni njaa ya mwaka huo au ya kila mwaka. Akiona ndoa imevunjika hajui kama yule mama ataolewa tena na kutulia. Anayerudi baada ya miaka 10 na 20 huona kama binti wa maskini alipanda au alibaki pale alipokuwa mama yake. Na hapo ndipo penye swali zito la kazi hii: je, mtoto wa aliyekosa naye atakosa?

Katika kijiji hicho palikuwa na mtu mmoja, mkulima, ambaye Caplan alimwita Mohammed katika maandiko yake. Mtu huyo aliandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili, habari za kila siku: nani ameugua, nani amezikwa, ngoma gani imechezwa, bei ya nazi imekuwaje. Walijuana miaka mingi. Mwaka 1997 Caplan alitoa kitabu ambacho ndani yake wanasema Mohammed mwenyewe, mama wa watoto wake aitwaye Mwahadia, na binti yao Subira. Hayo nayo si majina yao ya kweli. Kila mmoja asimulia maisha kwa njia yake. Ugomvi ule ule mume ausimulia hivi, na mke ausimulia vingine. Mtaalamu hakumchagua mmoja kuwa msemaji wa nyumba nzima, aliwaacha wote wakasema.

Nawaambia kina baba, maana mimi ni mmoja wenu: mgeni akija kuuliza habari za nyumba, sisi hutangulia kujibu yote, hata yale ya uzazi ambayo mama ndiye ayajuaye. Mwahadia ana maneno yake. Tumwache aseme.

NJAA SI YA WEUSI TU

Wako wanaodhani kwamba wataalamu wa Ulaya hutuchunguza sisi kwa kuwa sisi tu ndio wenye umaskini na mafarakano. Sikilizeni. Caplan huyu huyu aliandika kitabu mwaka 1972 juu ya kijiji cha Kihindu cha nchi ya Nepal, juu ya makuhani na mafundi viatu, namna watu wa tabaka la juu na wa tabaka la chini wanavyoishi mahali pamoja bila ya kuwa sawa. Baadaye alichunguza vyama vya wanawake wenye nafasi katika mji wa Madras, kusini ya Bara Hindi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1985.

Hata uzeeni mwake, alipokwisha kustaafu, akageuka kutazama nchi yake mwenyewe. Uingereza ni moja ya nchi tajiri za dunia. Lakini huko nako ziko ghala ambazo watu wenye huruma hukusanya vyakula, na wasio na kitu huenda kupokea kapu la kuwavusha siku chache. Huziita benki za chakula, na nyingi zimefunguliwa katika majengo ya makanisa. Mwaka 2016 Caplan aliandika juu ya hizo, akauliza: katika nchi yenye chakula tele, kwa nini watu wanakosa kula? Ni swali lile lile alilouliza Mafia. Hakuona aibu kuliuliza kwao.

Basi tusione haya tunapoulizwa. Kukosa si tabia ya rangi wala ya kabila. Kuna sababu zake, na sababu zaweza kutafutwa zikajulikana, kama vile mganga anavyotafuta asili ya homa kabla ya kutoa dawa.

NA SISI WA LINDI JE?

Hesabu ya kwanza ya watu wote katika nchi yetu baada ya Muungano ilifanywa mwezi Agosti mwaka 1967. Watu walikuwa milioni 12 na laki 3. Mwaka 2022 walikuwa 61,741,120. Katika mkoa wetu wa Lindi, mwaka 2012 walihesabiwa watu 864,652, na mwaka 2022 wakawa 1,194,028. Yaani katika miaka 10 tumeongezeka zaidi ya 329,000. Ajabu ni kwamba katika miaka 10 iliyotangulia, mkoa huu ulikuwa karibu wa mwisho katika Tanzania nzima kwa kuongezeka. Watu hawakufika hata 1 zaidi katika kila 100 kwa mwaka.

Idadi hizo ni za kweli, nazo zina kazi. Kwa hizo serikali hujua pa kujenga zahanati na shule, na madawati yawe mangapi. Lakini idadi peke yake haisemi kila kitu. Walioongezeka, wangapi wamezaliwa hapa, na wangapi wamehamia? Vijana wetu waliokwenda Dar es Salaam kuuza karanga na maji barabarani, watarudi? Mabibi wangapi wanalea wajukuu peke yao kwa fedha ya korosho ya msimu mmoja? Hesabu ya taifa huuliza nani amelala katika nyumba usiku ule. Mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Ni swali zuri, lakini usiku mmoja hauwezi kusimulia maisha ya jamaa.

Tena fomu ina nafasi ya mkuu wa kaya. Katika makabila yetu mengi ya huku, Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamakua, ukoo ulifuata upande wa mama, na mjomba alikuwa na neno kubwa katika nyumba ya dada yake. Leo mambo yamechanganyika. Baba ataka mikorosho iende kwa wanawe, wajomba wasema ni ya ukoo, na mjane hajui asimame wapi. Mashauri kama hayo mnayajua. Hayaonekani katika idadi. Yahitaji mtu wa kukaa na kusikiliza, kama Gwassa alivyokaa na wazee wa Umatumbi na Caplan na kina mama wa Mafia.

VITABU VYA PAROKIA

Mimi ni karani wa parokia, na kabatini ofisini mna vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu. Wengine hudhani ni vya kutolea vyeti tu. Lakini vile vya ubatizo na vya ndoa Kanisa limeagiza viandikwe tangu Mtaguso wa Trento, uliokwisha mwaka 1563, na leo wataalamu wa hesabu ya watu huvithamini sana vitabu hivi vyote. Mfaransa Louis Henry katika miaka ya 1950 alitumia vitabu vya parokia za kale za Ufaransa. Aliunganisha ubatizo, ndoa na kifo cha kila mmoja, mpaka akajua mama wa vijijini wa zamani alizaa watoto wangapi, na wangapi walizikwa wachanga. Karibu na siku zetu mtaalamu Sarah Walters wa Uingereza amefanya kazi ya namna hiyo kwa vitabu vya parokia Katoliki za Afrika, na za Tanzania zimo. Mwaka 2016 alitoa maandiko yake, akayapa jina lenye maana ya kuhesabu roho.

Tofauti ya kitabu cha parokia na kitabu cha forodha ni hii: cha parokia huanza kwa jina. Fulani, mwana wa fulani na fulani, msimamizi wake fulani. Kwa hiyo nawasihi wazazi: mkija kuandikisha mtoto, leteni majina kamili ya baba na ya mama, na tarehe ya kuzaliwa, wala msiseme “wakati wa palizi”. Mtoto akifariki, leteni habari, hata akiwa wa siku tatu. Wengi huona uchungu wakanyamaza, na mtoto yule akabaki ameandikwa mzima siku zote. Kisha kumbukeni kwamba cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa cha serikali. Hicho hutolewa na RITA, na mtoto atakihitaji shuleni na mbele ya sheria.

MGENI AKIFIKA

Basi turudi kwa yule mgeni mwenye daftari. Tufanyeje akifika?

Kwanza, mwulize barua yake. Mwanafunzi au mtaalamu wa kweli ana kibali. Utafiti katika nchi yetu hupewa ruhusa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha hupitia mkoa, wilaya, mpaka ofisi ya kijiji. Asiye na barua, mpeleke kwa mwenyekiti bila ya ugomvi.

Pili, mwulize majibu yako yatakwenda wapi, na kama jina lako litaandikwa. Ni haki yako kujua. Na swali usilotaka kulijibu, mwambie kwa adabu kwamba hulijibu. Afadhali kunyamaza kuliko kumdanganya, maana jibu la uongo laweza kunyima kijiji kizima kitu.

Tatu, kila mtu ajibu lake. Mama aseme ya mama. Kama mikorosho 15 ni ya mke, iandikwe ya mke. Bibi mlezi wa wajukuu asiitwe mgeni katika nyumba anayoilisha yeye.

Nne, mwambie arudi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyekula muhogo wetu na kuandika maneno yetu, na atuletee aliyoyaandika, kwa lugha tunayoisoma. Tukitaka hayo kwa upole, wataalamu wengi watatusikia.

La mwisho nalisema kwa wazazi. Gwassa alikuwa mwana wa nchi hii ya Kilwa. Kama binti yako apenda hesabu na hachoki kuuliza “kwa nini”, usimkemee kwamba ana maneno mengi. Mpeleke shule amalize. Kipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kipo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1965, ambacho hufundisha kazi hii hii. Kilwa, Lindi, Nachingwea na Liwale zina maswali mengi ambayo bado hayajaulizwa na mtu anayezijua lugha zake na kuwajua mashangazi zake. Nazi twazihesabu kwa mia, tukauza, tukasahau. Mwanadamu ana jina, ana mama yake, na ana mahali alipozikiwa kitovu chake. Anayetaka kumhesabu na aanzie hapo.